Mfereji Wako Unatoa Lita Ngapi kwa Dakika?

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kamati nyingi za maji zinakutana nalo siku hizi.

Zamani kidogo mradi wa maji wa kijiji ulikuwa ni tanki, bomba kuu na mifereji michache ya watu wote. Kila mtu alikuja na mtungi wake, akapanga foleni, akachota, akaenda zake. Leo mambo yanabadilika. Mwanachama anajenga nyumba ya mawe na anataka maji yaingie ndani: mfereji jikoni, shawa bafuni, na choo cha kuflashi. Anakuja mbele ya kamati na kusema, "Mimi nimemaliza kulipa hisa zangu. Niunganishieni."

Mwanachama huyo ana haki ya kuomba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Lakini haki hiyo ni ya kila mtu, pamoja na yule mama aliye mwisho wa laini ambaye mfereji wake hukauka saa nne asubuhi. Sheria ndogo za kikundi mara nyingi hutaja tu pesa za kuunganishiwa. Hazisemi vifaa vya ndani ya nyumba vitumie lita ngapi. Kwa hivyo kamati inakubali au inakataa bila kujua hasa inakubali nini.

Tuone basi lita hizo ni ngapi, nchi nyingine zimefanya nini, na sisi tunaweza kuchukua nini kutoka kwao.

CHOO KIMOJA, MITUNGI MINGAPI?

Tupime kwa kipimo tunachokijua sote, yaani mtungi wa lita 20.

Huko Marekani, vyoo vingi vilivyofungwa katika nyumba kabla ya miaka ya 1980 vilitumia kama lita 19 kila vikiflashiwa mara moja. Ati lita 19! Huo ni karibu mtungi mzima, ule ambao mtoto wa shule anaubeba mgongoni kutoka mtoni, unakwenda na mkojo wa mtu mmoja. Baadaye vikaja vyoo vya lita 13. Hata hivyo, hiyo bado ni zaidi ya nusu ya mtungi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mmoja anaflashi mara 5 kwa siku. Hiyo ni mara 30.

Choo cha lita 19: lita 570 kwa siku, yaani mitungi 28 na nusu.
Choo cha lita 13: lita 390, yaani mitungi 19 na nusu.
Choo cha lita 6: lita 180, yaani mitungi 9.
Choo cha lita 4.8: lita 144, yaani mitungi 7 na kidogo.

Wataalamu wa afya husema mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 hivi kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima. Kwa hivyo tofauti kati ya choo cha lita 13 na choo cha lita 6 katika nyumba hiyo moja, ambayo ni lita 210, ingetosha watu 10 kwa siku. Watu wale wale, usafi ule ule, ila kifaa kimoja tu kimechaguliwa vizuri au vibaya dukani. Na kikishafungwa, kitakaa hapo miaka 20 au 30.

MAREKANI WALIFANYA NINI

Serikali ya Marekani iliona kwamba kumwambia mtu "tumia maji kwa uangalifu" hakutoshi ikiwa choo chenyewe kimetengenezwa kumeza lita 19. Mwaka 1992 bunge lao lilipitisha sheria ya nishati, na Rais George Bush, yule baba, akaitia sahihi mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ndani yake kulikuwa na kiwango: vyoo vya nyumbani vinavyotengenezwa kuanzia Januari 1994 visitumie zaidi ya galoni 1.6, ambayo ni lita 6. Shawa isitoe zaidi ya galoni 2.5 kwa dakika, yaani lita 9 na nusu. Mifereji ya jikoni na ya kunawia ikawekewa kikomo pia.

Angalieni jinsi walivyofanya. Hawakumwendea mwenye nyumba kumhesabia ameflashi mara ngapi. Walikwenda kwa anayetengeneza kifaa. Mwenye nyumba akienda dukani, anakuta vifaa vilivyokwisha kupunguzwa. Hiyo ndiyo maana ya kiwango: namba moja iliyokubaliwa, inayoweza kupimwa, na inayomhusu kila mtu sawasawa.

Je, ilikuwa rahisi? Hapana. Vyoo vya kwanza vya lita 6 vilileta manung'uniko makubwa. Watengenezaji wengine walipunguza tu maji ya tangi, lakini bakuli na njia ya kutokea wakaviacha vile vile kama vya zamani. Uchafu haukuondoka. Watu wakawa wanaflashi mara mbili, na mara mbili sita ni 12. Faida iko wapi? Wengine walivuka mpaka hadi Kanada kununua vyoo vikubwa. Mbunge mmoja wa jimbo la Michigan, Joe Knollenberg, alijaribu kuiondoa sheria hiyo bungeni miaka ya 1990, lakini hakufaulu.

Dawa ilipatikana kwa kupima kazi. Mwaka 2003 ulianzishwa mtihani wa vyoo ambapo walitumia donge la soya lililosagwa, lenye uzito unaojulikana, kwa mfano wa kinyesi cha mtu. Choo kinaflashiwa, na inaandikwa kimeondoa gramu ngapi kwa mara moja. Matokeo yakatangazwa kwa kila aina ya choo. Kumbe baadhi ya vyoo vilivyotumia maji kidogo viliondoa uchafu vizuri, na vingine vilishindwa. Watengenezaji waliona aibu, wakabadilisha umbo la bakuli na njia ya maji. Mwaka 2006 serikali yao ikaanzisha alama iitwayo WaterSense. Choo cha alama hiyo hakizidi lita 4.8, na ni lazima kiondoe angalau gramu 350 kwa mara moja.

Matokeo? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maji yanayotumika ndani ya nyumba ya kawaida ya Marekani yalipungua kutoka lita 670 hivi kwa siku miaka ya 1990 hadi lita 520 hivi. Hiyo ni asilimia 22. Na watu hawakuacha kuoga.

Mji wa New York uliongeza hatua nyingine. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mji uliwalipa wenye nyumba sehemu ya gharama ili wang'oe vyoo vya zamani na kufunga vipya. Zaidi ya vyoo milioni moja vilibadilishwa. Waliona ni nafuu kubadilisha vyoo kuliko kwenda kutafuta chanzo kipya cha maji mbali milimani. Kamati inayopanga harambee ya tanki la pili na ilifikirie hilo kwanza.

Nchi nyingine nazo zilichukua njia zao. Huko Australia, mwaka 1980 kampuni ya Caroma ilitoa choo chenye vitufe viwili: kimoja cha maji mengi, kingine cha maji nusu kwa mkojo. Vyoo vya vitufe viwili sasa vinauzwa hata katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi. Tangu sheria yao ya mwaka 2005, vifaa vya maji huko hupewa nyota ili mnunuzi aone kwa macho kipi kinabana maji zaidi. Uingereza nayo ilisema kwamba kuanzia Januari 2001 choo kipya kisizidi lita 6.

NAMBA BILA PRESHA HAINA MAANA

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Ile lita 9 na nusu ya shawa ya Marekani imepimwa kwa presha maalumu. Presha hiyo ni sawa na maji yanayotoka kwenye tanki lililo juu ya shawa kwa kimo cha mita 56 hivi.

Katika miradi yetu ya maji ya kuteremka, presha inatoka kwenye mlima. Nyumba iliyo bondeni ina presha nyingi, na iliyo karibu na tanki ina presha kidogo. Mfereji ule ule, uliofunguliwa vile vile, ukiwekwa chini ya tanki kwa kimo mara 4 zaidi, utatoa maji kama mara 2 zaidi, mradi bomba ni pana la kutosha. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kununua mifereji pacha katika duka moja, na mmoja akatumia maji mara mbili ya mwenzake bila kujua. Huyo si mwizi. Ni mlima.

Ndiyo sababu kikundi kisiandike tu "kila mtu atumie mfereji wa nusu inchi". Kiandike lita kwa dakika, na kipime pale pale nyumbani kwa mtu.

JINSI YA KUPIMA

Hamhitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Mnahitaji mtungi wa lita 20 na saa yenye sekunde. Simu ya mkononi inatosha.

1. Fungueni mfereji wote. Wekeni mtungi chini na hesabuni sekunde hadi ujae.
2. Gawanyeni 1200 kwa hizo sekunde. Jibu ni lita kwa dakika.
3. Mkipata sekunde 160, mfereji unatoa lita 7 na nusu kwa dakika. Mkipata sekunde 60, unatoa lita 20.
4. Pimeni asubuhi na jioni, kwa maana presha hubadilika watu wengi wakifungua pamoja. Andikeni kitabuni jina la laini, saa, na jibu.

Kwa choo, fungeni koki inayoingiza maji kwenye tangi lake. Wekeni alama pale maji yalipofika, kisha flashini. Halafu jazeni tangi kwa chupa ya lita moja hadi kwenye ile alama, mkihesabu. Hapo mtajua choo hicho ni cha lita 6 au cha lita 13, hata kama muuzaji alisema nini.

TUSIIGE BILA KUFIKIRI

Sasa tahadhari. Msomaji mmoja anaweza kusema, "Basi tubane mifereji yote ya mradi, hata ile ya foleni." Hapana. Hilo ni kosa.

Mtu anayeoga chini ya shawa anatumia maji kwa dakika anazokaa pale. Shawa ikipunguzwa, maji yanapungua. Vivyo hivyo anayenawa mikono. Lakini anayejaza mtungi wa lita 20 atachukua lita 20, mfereji uwe wa kasi au wa polepole. Ukiubana hujaokoa hata tone, umeongeza foleni tu. Tuseme kuna mitungi 40 kwenye mstari. Mfereji wa lita 7 na nusu kwa dakika utaimaliza kwa muda wa saa 1 na dakika 47. Mfereji wa lita 4 utachukua saa 3 na dakika 20. Saa hizo zinatoka kwa akina mama na watoto, na watoto hao walipaswa kuwa shuleni.

Ndiyo maana vipimo vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinakwenda upande wa pili kabisa. Vinasema mfereji mmoja wa watu wote usihudumie zaidi ya watu 250, kwa hesabu ya mfereji unaotoa lita 7 na nusu kwa dakika. Nyumbani kiwango kinasema "usizidi". Kwenye foleni kiwango kinasema "usipungue". Kwa hivyo kabla ya kuweka namba, ulizeni kwanza: mfereji huu unafanya kazi gani?

Kwenye foleni maji huokolewa kwa njia nyingine: mfereji unaofungika vizuri, kibao cha kuwekea mtungi ili maji yasimwagike kando, na mtu wa kuangalia watoto wasiuache wazi.

Kwa choo pia, fikirini kazi. Wengine huweka chupa iliyojaa maji ndani ya tangi la choo cha zamani ili kipunguze maji. Ni sawa, na chupa ni afadhali kuliko tofali, maana tofali humomonyoka na kuharibu mipira. Lakini ukipunguza hadi unaflashi mara mbili, umerudi kule kule walikokuwa Marekani mwaka 1994. Bomba la uchafu nalo liwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita, la sivyo maji machache hayatasukuma mzigo wake.

Na tusisahau: choo cha shimo kilichojengwa vizuri, chenye bomba la hewa na wavu wa nzi, hakitumii maji ya kuflashi hata kidogo. Choo cha kumwagia kwa kopo hutumia lita 2 au 3 tu. Mwenye choo safi cha shimo asione haya mbele ya jirani mwenye choo cha ndani. Kwa upande wa maji, yeye ndiye amewashinda Wamarekani.

MAJI YANAYOTOROKA USIKU

Kiwango kizuri huharibiwa na mpira mdogo uliochakaa. Wekeni glasi ya robo lita chini ya mfereji unaodondoka. Ikijaa kwa saa moja, mfereji huo unapoteza lita 6 kwa siku, na kwa mwezi lita 180. Hiyo ni mitungi 9 kutoka kwa mfereji mmoja. Mkiwa na mifereji 10 ya namna hiyo, ni mitungi 90 kila mwezi, na dawa ni washa mpya na fundi mwenye spana.

Choo huvuja kimya kimya, husikii. Tieni rangi ya chakula ndani ya tangi lake, msiflashi kwa dakika 10, kisha angalieni bakuli. Mkiona rangi imeshuka, mpira wa chini umechoka.

Kwa nyumba yenye mita, someni mita usiku watu wakilala, na msome tena alfajiri kabla ya mtu kugusa mfereji. Namba ikisonga, maji yanatoroka.

MAMBO YA KUWEKA KATIKA SHERIA ZA KIKUNDI

Tunapendekeza kamati ijadili haya katika mkutano mkuu, na wanachama wapige kura, kwa sababu sheria iliyotoka kwa watu watatu haifuatwi na watu mia.

1. Anayetaka maji ndani ya nyumba alete kwanza orodha ya vifaa: choo cha lita ngapi, shawa na mifereji mingapi.
2. Choo kipya kisizidi lita 6. Cha vitufe viwili kipewe nafasi ya kwanza.
3. Shawa na mfereji wa ndani vipimwe kwa mtungi na saa baada ya kufungwa, kwa presha ya pale pale. Ikizidi namba iliyokubaliwa, koki ya kuingilia ipunguzwe mbele ya mwenye nyumba.
4. Mfereji wa watu wote usipungue namba iliyokubaliwa. Ukipungua, laini za ndani ndizo zipunguzwe kwanza.
5. Kila nyumba iwe na mita, na anayetumia zaidi alipe zaidi.
6. Kila miezi mitatu watu wawili watembee laini yote wakiangalia mifereji inayodondoka. Washa ziwe dukani kwa mweka hazina, zisisubiri mkutano.

Sheria hiyo iwahusu wote, na mwenyekiti awe wa kwanza kupimwa. Shule na zahanati zipimwe pia, kwani vyoo vyao vinaflashiwa mara nyingi kuliko vya nyumbani.

Akiba haiozi, wazee walisema. Tanki likijaa usiku kwa sababu vyoo havivuji na shawa hazizidi, yule mama wa mwisho wa laini atafungua mfereji wake saa nne asubuhi na kukuta maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mfereji wa mwisho kabisa kwenye laini yetu unatoa lita ngapi kwa dakika? Nani atakwenda kupima wiki hii?
2. Ni nyumba ngapi katika mradi wetu zina choo cha kuflashi? Vinatumia lita ngapi?
3. Je, ni mifereji gani tunayotaka "isizidi", na ni ipi tunayotaka "isipungue"?
4. Kama mwanachama ana choo cha zamani cha lita 13, kikundi kinaweza kumsaidiaje kukibadilisha?